Kuinuka Kutoka Chini: Mhadhara Juu ya Nguvu na Kujiamini kwa Mwili Uzeeni

Sehemu kubwa ya maisha ya nyumbani katika Afrika Mashariki hupita karibu na ardhi. Chakula huliwa mkekani, nazi hukunwa juu ya mbuzi, mboga huchambuliwa mtu akiwa juu ya kigoda, moto huchochewa kwa kuinama mbele ya mafiga, choo cha shimo humtaka mtu achuchumae, na mwenye kuswali huteremka mpaka paji la uso likagusa chini, kisha akainuka tena. Katika mazingira hayo mwili wa mzee hupimwa kila siku, ingawa hakuna anayeandika matokeo, kwa jambo moja: kama aweza kushuka na kuinuka bila kushikwa mkono. Mhadhara huu unahusu uwezo huo, namna unavyopotea na namna unavyoweza kurejeshwa, pamoja na uhusiano wake na kujiamini kwa mwili, yaani ile hali ya mtu kuuona mwili wake kuwa ni wa kutegemewa na kutouonea haya mbele ya wengine. Hoja inayotetewa ni kwamba kujiamini huko huzaliwa na uwezo kabla ya kuzaliwa na sura, na kwamba sehemu kubwa ya udhaifu unaohesabiwa kuwa ni uzee ni matokeo ya kupumzishwa.

Ni kweli kwamba umri huchukua chake. Kuanzia miaka ya hamsini, kwa kadirio la wastani, mtu hupoteza takriban asilimia 1 ya misuli yake kila mwaka, na nguvu hupungua kwa kasi kubwa zaidi kuliko ukubwa wa misuli yenyewe, kwa sababu pamoja na nyuzi za misuli hupungua pia mishipa ya fahamu inayoziamuru. Hali hii ikizidi kiasi huitwa sakopenia, jina lililopendekezwa mwaka 1989 na mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, likiwa na maana ya kupungua kwa misuli kunakoandamana na umri. Nyuzi zinazotangulia kunywea ni zile za kasi, ambazo humwezesha mtu kuruka mtaro, kuudaka mlango usimgonge, au kupeleka mguu mbele upesi pale anapojikwaa. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea mwendo mrefu bila taabu na bado akaangushwa na kizingiti cha mlango wake mwenyewe: pumzi anayo, lakini mguu umechelewa. Kwa wanawake kuna mzigo wa ziada, kwa kuwa katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mifupa hupoteza madini kwa kasi, na kuanguka ambako zamani kungeacha chubuko tu huweza kuvunja nyonga au kifundo cha mkono.

Hata hivyo umri haufanyi kazi hiyo peke yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee 12 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 bila ya kuwa wagonjwa, na katika muda huo mfupi walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10 ni muda ambao mzee huweza kulazwa kwa malaria kali au homa ya mapafu, na ni muda mfupi sana ukilinganishwa na miezi ambayo wazee wengi hukalishwa kwa heshima. Heshima hiyo ina sura inayojulikana: mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60, watoto wanamnunulia kochi, mjukuu anatumwa kuleta maji, mkwe anamnyang'anya mama ufagio, na kila anapotaka kunyanyuka huambiwa apumzike kwa sababu amekwisha kufanya kazi ya kutosha. Nia ni njema kabisa, na hakuna mwenye akili atakayetaka adabu hiyo ife. Lakini misuli haitofautishi mapumziko ya heshima na mapumziko ya kitanda cha hospitali, na jamii inayojivunia kuwatunza wazee inapaswa kukubali kwamba mara nyingine huwadhoofisha kwa mikono yake yenyewe.

Kama kutotumika ndiko kunakodhoofisha, inafuata kwamba kutumika kunaweza kurudisha, na jambo hili lilithibitishwa mahali ambapo wachache wangelitarajia. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa taarifa ya mazoezi ya kunyanyua uzito waliyowapa wakazi 10 wa kituo cha kulea wazee mjini Boston, watu dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96, ambao wengi wao walikuwa na maradhi zaidi ya moja. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja ya wale waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, wawili wakaacha kutembelea bakora, na miongoni mwa watatu ambao mwanzoni hawakuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mmoja aliweza. Mazoezi yalipoachwa kwa wiki 4, karibu theluthi ya nguvu ilitoweka. Utafiti mkubwa zaidi wa watafiti haohao, uliochapishwa mwaka 1994 na kuhusisha wazee 100 wenye wastani wa miaka 87, ulionyesha tena ongezeko la nguvu, na ukaongeza somo ambalo wauzaji wa dawa za kuongeza nguvu wasingelifurahia: kinywaji cha lishe kilipotolewa peke yake, bila mazoezi, hakikupunguza udhaifu. Magazeti hupenda zaidi habari za watu kama Robert Marchand, Mfaransa aliyeendesha baiskeli kilomita 26.93 kwa saa moja mwaka 2014 akiwa na miaka 102, akiipita rekodi aliyoiweka yeye mwenyewe miaka miwili kabla. Mtu huyo anastahili sifa zake zote, lakini kwa msomaji wa kawaida mzee wa Boston aliyeinuka kitini ana thamani zaidi, kwa kuwa hakuwa na kipaji chochote isipokuwa kukubali kujaribu.

Ushahidi mwingine hauhitaji kuvuka bahari, kwani umo Tanzania kando ya Ziwa Eyasi, wanakoishi Wahadzabe, watu ambao baadhi yao bado hupata riziki kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi ya porini. Mwaka 1989 wanaanthropolojia Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walieleza walichokiona huko: wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia muda mwingi zaidi kutafuta chakula kuliko mabinti zao, wakichimbua viazi vya porini kwa mti uliochongwa ncha katika ardhi ngumu yenye mawe, kisha wakawalisha wajukuu. Kutokana na uchunguzi huo lilijengwa wazo linalojulikana kama nadharia ya bibi, linalosema kwamba huenda binadamu amejaliwa maisha marefu baada ya ukomo wa uzazi kwa sababu kazi ya bibi iliwaokoa wajukuu. Nadharia hiyo bado inabishaniwa na wataalamu, ila uchunguzi wenyewe wa jasho la bibi haubishaniwi. Baadaye, kwa kutumia vipimo vya mapigo ya moyo vilivyofungwa mwilini, kundi la mtafiti David Raichlen lilionyesha mwaka 2017 kwamba Wahadzabe hufanya kazi inayoharakisha moyo kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, na kwamba shinikizo la juu la damu ni nadra miongoni mwao hata wanapozeeka.

Jambo la kushangaza zaidi lilitolewa na watafiti haohao mwaka 2020. Ilibainika kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kila siku wakiwa macho, muda usiotofautiana sana na wa mfanyakazi wa ofisini, isipokuwa mapumziko yao hufanyika kwa kuchuchumaa, kupiga magoti na kukaa chini, na vifaa vya kupima misuli vilionyesha kwamba katika mikao kama kuchuchumaa misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo, hali ambayo haipatikani kitini. Haifai kuyapamba maisha ya Wahadzabe, kwa kuwa vifo vya watoto ni vingi, ardhi yao imezidi kumegwa, na hakuna mstaafu wa Tabata au Kisauni anayeombwa ahamie porini. Kinachofaa kuchukuliwa ni kwamba kochi ni mgeni katika historia ya mwili wa mwanadamu, na kwamba mkeka, uliodhaniwa kuwa alama ya ufukara, ulikuwa ukifanya kazi ya mwalimu wa mazoezi bila ya kulipwa.

Hapa hujitokeza swali la haki: je, bibi wa kijijini anayelima, anayebeba kuni na kuteka maji, naye ana haja ya mazoezi? Kwa wingi wa kazi, hana. Kwa aina ya kazi, huenda anayo. Jembe la mkono huchosha mgongo uliokunjwa na kuyatumia mabega, lakini halimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja wala kurudisha mwili wima anapoyumba. Kwa mzee wa aina hiyo, dakika chache za kunyoosha mgongo na kujaribu mizani ya mwili, pamoja na kupunguziwa ndoo kubwa kichwani, zina faida kuliko kuongezewa jasho.

Kipimo cha kushuka na kuinuka kimepewa sura ya kisayansi na daktari Claudio Gil Araújo wa Rio de Janeiro, Brazil. Katika kipimo hicho mtu huanza na alama 10, tano za kukaa sakafuni na tano za kuinuka, na hupunguziwa alama moja kila anapotegemeza mkono, kigasha au goti, na nusu alama kila anapoyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyohusu watu 2,002 wenye miaka 51 hadi 80, yalionyesha kwamba waliopata alama 0 hadi 3 walifariki, katika miaka iliyofuata, kwa kiwango cha mara tano hadi sita ya wale waliopata 8 hadi 10. Sakafu haiui mtu; alama hizo hukusanya kwa pamoja hali ya nguvu, wepesi wa viungo, mizani na uzito wa mwili, na kwa hiyo husema mengi kwa dakika moja.

Msomaji Mwislamu atatambua kwamba swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kwamba kila rakaa huishia na kushuka kusujudu, hivyo mwenye kuziswali zote, hata bila ya kuongeza sunna, huinuka kutoka chini mara 17 kwa siku, miaka yote ya maisha yake. Ibada haikuwekwa kwa ajili ya misuli, na si kazi ya mhadhara huu kuigeuza kuwa jimu. Lakini inafaa kusemwa kwamba mzee anayehamia kuswali kitini kwa sababu ya goti linalouma, jambo ambalo sheria imemruhusu, hupoteza siku hiyohiyo mazoezi aliyokuwa nayo tangu utotoni, na kama hakuna kinachoyafidia mahali pengine, baada ya miezi michache goti litakuwa limepungukiwa zaidi na misuli ya paja inayolishikilia, na maumivu yaliyokimbiwa yatakuwa yamezidi.

Kutoka kwenye nguvu inafaa sasa kuingia katika nafsi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza dhana inayoweza kuitwa imani ya kumudu, yaani jinsi mtu anavyoamini kwamba jambo fulani analiweza, na akataja vyanzo vyake vinne: kuwahi kulifanya, kumwona mwenzake wa hali kama yake akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyouhisi mwili wake wakati wa kulifanya. Chanzo cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na cha tatu, ambacho ndicho kinachopendwa zaidi na wahamasishaji, ndicho dhaifu kikisimama peke yake. Mwaka 1990 mtafiti Mary Tinetti na wenzake waliipeleka dhana hiyo kwa wazee kwa kutunga orodha ya maswali juu ya shughuli za kawaida kama kuoga na kuvaa, wakiuliza mtu ana imani kiasi gani ya kuzifanya bila kuanguka. Tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba hofu ya kuanguka ni ugonjwa unaojilisha: anayeogopa hupunguza kutoka, asiyetoka hupungukiwa na nguvu, aliyepungukiwa huanguka kweli, na kuanguka huithibitisha hofu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na mapitio ya majaribio 108 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa yale ya mizani na ya nguvu, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23. Kumwambia mzee asiogope ni bure; kumsimamisha karibu na meza imara, akainua mguu mmoja kwa sekunde 5 leo na 10 wiki ijayo, ndiko kunakomtoa hofu.

Kuna haya ambayo haitokani na kuanguka, na hii husemwa kwa nadra. Mwanamke aliyezaa mara kadhaa huweza kuvuja mkojo anapokohoa, anapocheka au anaporuka, na kwa sababu hiyo akakataa mwaliko wa mazoezi huku akisingizia shughuli. Tatizo hilo hutokana mara nyingi na kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu na mfuko wa uzazi kwa chini, na tangu mwaka 1948, daktari Arnold Kegel alipochapisha njia ya kuiimarisha kwa kuibana na kuiachia mara nyingi kwa siku, linajulikana kuwa na tiba isiyohitaji kisu wala kidonge. Kwamba wanawake wengi hufikia miaka 70 bila ya kuambiwa hivyo na mtu yeyote ni aibu ya huduma za afya, si yao.

Haya nyingine ni ya macho ya watu. Mzee wa kiume akikimbia barabarani asubuhi huulizwa anakimbilia wapi. Bibi akivaa raba na suruali ya michezo husemwa kuwa anautafuta ujana. Ndipo kundi linapokuwa na faida kuliko mwongozo wowote uliochapwa. Zanzibar, ambako tarehe 1 Januari ya kila mwaka huadhimishwa kwa mazoezi ya viungo ya pamoja, vikundi vya mitaani vimewazoesha watu kuwaona akina mama wa makamo na wazee wakitembea kwa safu katika sare moja, kichwa kikiwa kimefunikwa na raba miguuni, na hakuna anayeona cha kucheka. Sare huficha unene na wembamba, safu humficha anayeyumba, na yule anayemwona jirani wa umri wake akiinua magoti hupata kile chanzo cha pili cha Bandura bila ya kusomewa nadharia. Vilabu vya jogingi vya Dar es Salaam na miji mingine vingefanya vyema kuiga jambo hilo, badala ya kuwaachia wenye miaka 30 waweke mwendo na wazee wabaki nyuma wakihema.

Uzito wa mwili unahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa maana ndilo lango ambalo wengi hupitia kuingia mazoezini na ndilo hilohilo wanalotokea wanapokata tamaa. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima mwaka 2012 nishati inayotumiwa na Wahadzabe kwa siku, wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haitofautiani na ya wakazi wa nchi tajiri, jambo linaloonyesha kwamba mwili hujua kubana matumizi upande mmoja unapotumia zaidi upande mwingine. Basi anayefanya mazoezi ili akonde atasikitishwa na mizani, na mzee anayekonda kwa kujinyima chakula tu hupoteza misuli pamoja na mafuta. Utafiti wa mwaka 2017 wa Dennis Villareal, uliohusu wazee 160 wanene waliokuwa wakipunguza uzito, ulionyesha kwamba waliochanganya mazoezi ya nguvu na yale ya moyo walipata wepesi wa kazi za kila siku kwa asilimia 21, ilhali waliofanya aina moja tu walipata asilimia 14. Swali lenye manufaa kwa mwenye miaka 65 ni kama ameweza kupanda daladala bila kuvutwa, na nambari ya kilo ije baadaye.

Kwa upande wa utekelezaji, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 huwataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaoharakisha pumzi kiasi, mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na mazoezi ya mizani siku tatu au zaidi. Watu wengi hushika la kwanza na kuyaacha mawili yaliyobaki, wakidhani kutembea kunatosha, na hilo ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu: kuinuka kitini mara 8 hadi 12 bila kushika, kupumzika, na kurudia, kusukuma ukuta kwa viganja, kusimama kwa ncha za vidole huku meza ikiwa karibu, kunyanyua chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji, na kuijaza mchanga maji yanapokuwa mepesi. Neno la msingi ni kuzidisha, kwa kuwa uzito usioongezwa hufundisha wiki za mwanzo tu. Misuli nayo hujengwa kwa protini, na wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mzee mwenye afya, kiasi kinachopatikana kwa dagaa, maharage, choroko, mayai na maziwa ya mgando, wala hakipatikani kwa chai na mkate. Mwenye presha asizuie pumzi anaponyanyua. Mwenye kisukari anayetumia insulini asianze na tumbo tupu, na akague nyayo zake. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu amwone daktari kwanza. Mwenye figo mbovu aulize kuhusu protini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na leo hospitali za umma zina dirisha la wazee ambako hupimwa presha na sukari. Kipo kipimo cha tatu kinachopaswa kuingia katika daftari hilohilo: mzee akunje mikono kifuani, aketi na kuinuka kitini mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, na muuguzi ahesabu. Kwa viwango vilivyokusanywa Marekani, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 12, au mwanamume asiyefikisha 14, yuko chini ya wastani wa rika lake. Afrika Mashariki ingefaa ikusanye viwango vyake. Kazi hiyo yahitaji kiti kisicho na mikono na saa yenye mshale wa sekunde, vitu ambavyo zahanati nyingi zinavyo, na kuendelea kuiacha ni uzembe.